Usimwulize Mtu Neno Lisilomhusu

Nataka kukuambia habari ya mama mzee mmoja na karatasi nne.

Ilikuwa mwaka 2019, katika mtaa mmoja wa Butembo, siku za Ebola. Jirani wa mama huyo alikuwa amekufa, na kundi la watu wa afya likaja kuandika majina ya wote waliogusana na marehemu. Mimi nilikwenda pamoja nao ili niseme Kinande na wale wasiojua Kifaransa. Kijana aliyeshika fishi alikuwa mtu wa bidii. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia, "Usiache nafasi hata moja tupu." Basi alimwuliza mama jina lake, umri wake na nyumba anayokaa. Mama akajibu vizuri. Umri wake ulipita miaka 70.

Kisha kijana akauliza, mbele ya wajukuu na majirani: "Mama, una mimba?" Mama akanyamaza. "Unanyonyesha mtoto?" Mama akamtazama tu. "Siku zako za mwezi zilikuja lini mara ya mwisho?" Hapo mama akasimama, akajifunga kitenge chake vema, akasema, "Mwanangu, mume wangu nimemzika zamani, na meno yangu yamekwisha. Wewe hukuja kwa ajili ya ugonjwa. Ulikuja kunicheka." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Swali lililofuata katika karatasi, ambalo halikuulizwa siku ile, lilikuwa hili: ni nani waliouosha mwili wa marehemu? Mama yule alijua. Tulirudi siku ya tatu pamoja na mama mmoja wa kanisa lake, tukaomba radhi, naye akatutajia majina sita. Lakini siku tatu zilikuwa zimepita, na kwa ugonjwa ule siku tatu ni nyingi.

Tangu siku ile nimeshika neno moja, nami nalisema kila ninapofundisha vijana wa kazi ya afya: kila mtu aulizwe yale yanayomhusu, wala asiulizwe mengine. Fishi isiyojua kuruka swali ni fishi mbaya, hata ikiwa imetengenezwa na mtu mwenye elimu nyingi. Nitakuonyesha sababu zake. Tena nitakuonyesha hatari iliyo upande wa pili, maana kuruka nako kuna makosa yake, na makosa hayo yaweza kuua.

FISHI NA DAFTARI KUBWA

Kila ufikapo hospitali, mtu huandika habari zako katika karatasi ya maswali, ambayo sisi huku twaiita fishi na wengine huiita fomu. Zamani habari hizo zilikaa katika karatasi tu. Siku hizi nyingi huingizwa katika kanzidata, yaani daftari kubwa lililo ndani ya kompyuta, ambalo laweza kupanga na kuhesabu habari za maelfu ya watu kwa muda mfupi. Fishi ni mlango wa daftari hilo. Kilichoingia kibaya mlangoni hukaa kibaya ndani. Kompyuta haina macho ya kumwona mama mzee na kumhurumia.

Kuruka maswali si jambo jipya. Hata karatasi yaweza kufanya hivyo. Huandikwa hivi: "Je, mgonjwa alihudhuria mazishi? Kama hapana, nenda kwa swali la 14." Swali la namna hii mimi naliita swali la mlango. Jibu lake hufungua chumba cha maswali mengine, au hukifunga. Aliyehudhuria mazishi huulizwa: Mazishi ya nani? Wapi? Siku gani? Je, uligusa mwili? Asiyehudhuria hupita zake.

Katika simu au tableti kazi hii hufanywa na programu yenyewe. Iko programu iitwayo KoboToolbox, iliyoanzishwa na Patrick Vinck na Phuong Pham wa Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, nayo yatumiwa sana katika nchi zenye vita na magonjwa. Mtengenezaji wa fishi huandika maswali yake katika jedwali, na kando ya swali huandika sharti. Kwa swali la mimba ataandika kwamba lionekane tu ikiwa jinsia ni mwanamke, na umri ni kati ya miaka fulani na fulani. Sharti lisipotimia, swali halionekani kabisa kwenye kioo. Programu ya Go.Data ya Shirika la Afya Duniani, iliyotengenezwa kwa kufuata watu waliogusana na wagonjwa, hufanya vivyo hivyo. Hata DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Wizara ya Afya ya Kongo huitumia kwa hesabu zake, yaweza kuficha nafasi isiyohusu.

Basi hatuna udhuru. Mwenye karatasi aweza kuchora mshale, na mwenye tableti aweza kuandika sharti. Asipofanya, ni kwa sababu hakumfikiri yule atakayeulizwa.

MADHARA MATATU YA KUULIZA KILA KITU

La kwanza ni kuvunja heshima, na heshima ikivunjika imani hupotea. Wakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa kwetu. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ilipoonekana Mangina, karibu na Beni. Ilienea katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikaja kwa nguvu Katwa na Butembo, wala haikutangazwa kuwa imekwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na 2,287 katika hao walikufa. Mwezi wa Septemba 2018, hao hao Vinck na Pham pamoja na wenzao waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mtu mmoja katika kila wanne alisema haamini kwamba Ebola ipo. Fikiri basi: unakwenda kwa watu ambao wengi wao wana mashaka nawe, na neno lako la tatu ni kumwuliza bibi kizee kama ana mimba. Je, atakuamini katika neno la nne?

La pili ni kuzaa uongo. Mtu aliyeambiwa asiache nafasi tupu ataijaza tu. Baba akifika kwenye nafasi ya mimba, mwandishi ataandika "hapana." Waona kwamba haina ubaya? Tazama hesabu. Tuseme watu 100 wameandikwa: wanaume 60 na wanawake 40. Katika wanawake hao wanne wana mimba. Ikiwa kila mwanaume ameandikiwa "hapana," yule anayehesabu atasema wenye mimba ni 4 katika 100. Kweli yenyewe ni 4 katika 40, yaani 10 katika 100. Akiagiza dawa na vyandarua vya akina mama kwa kudhani kwamba wenye mimba ni 4 katika kila wanawake 100, ataleta pungufu ya nusu ya vinavyotakiwa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Nafasi isiyohusu ndiyo iliyodanganya.

La tatu ni kupoteza saa. Tuseme fishi ina maswali 60, na mtu wa kawaida yamhusu 25 tu. Yamebaki 35 ya bure. Swali moja likichukua sekunde 10, hayo ni karibu dakika 6 kwa kila mtu. Kama watu 40 wanangoja kwenye benchi, karibu saa 4 zimekwenda bure. Katika saa hizo mtoto mwenye homa amekaa juani, na mama aliyetembea kutoka shambani amechoka, akarudi nyumbani bila kutazamwa. Muuguzi naye amechoka, na mtu aliyechoka hukosea hata katika maswali yaliyo ya maana.

LAKINI NI NANI AJUAYE LISILOHUSU?

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa wengi huanguka. Wakiisha kufahamu kwamba kuruka ni kuzuri, huanza kuruka kwa kukisia. Husema, "Swali hili halimhusu," kumbe lamhusu sana.

Tukumbuke Beni mwishoni mwa mwaka 2018. Watoto wengi walishikwa na Ebola, na watu waliuliza, wameipata wapi? Wengine hawakuwa na mgonjwa wa Ebola nyumbani kwao. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba wengi walikuwa wamepelekwa kwanza katika vituo vidogo vya matibabu, na kwa waganga wanaochanganya dawa za kienyeji na sindano, kwa sababu ya homa ambayo labda ilikuwa malaria tu. Huko walilala karibu na mgonjwa wa Ebola asiyejulikana, au walitibiwa kwa vyombo visivyosafishwa. Malaria ilikuwa nyingi wakati ule, hata mwezi wa Novemba 2018 ilifanywa kampeni kubwa mjini Beni ya kugawa dawa na vyandarua.

Sasa fikiri kwamba mtu ametengeneza fishi yenye sharti hili: asiyegusana na mgonjwa wa Ebola asiulizwe zaidi, aende mwisho. Kwa akili ya mezani lafaa. Lakini mama wa yule mtoto atajibu kwa moyo mweupe, "La, hatukugusana na mgonjwa ye yote," na fishi itamfungia chumba chenye swali lile lililotakiwa: "Kabla ya kuja hapa, mlikwenda kutibiwa wapi?" Kituo kile kidogo hakitaandikwa po pote, na watoto wengine wataendelea kulazwa humo.

Ndiyo sababu fishi nzuri ya uchunguzi wa Ebola humwuliza kila mgonjwa maswali ya mlango yasiyo na ruhusa ya kurukwa: Je, uligusana na mgonjwa? Je, ulihudhuria mazishi? Je, ulisafiri? Je, ulikwenda hospitali au kituo cha afya? Je, ulikwenda kwa mganga wa kienyeji au kwa mtu wa kuombea wagonjwa? Je, uligusa mnyama wa porini? Milango yote hubishwa. Vyumba tu ndivyo huachwa, pale mlango unapojibiwa "hapana."

Kanuni ni hii: ruka kwa jibu alilotoa mtu mwenyewe, usiruke kwa kukisia kwako.

Jambo jingine ni umri. Uchunguzi mwingi wa afya huwahesabu wanawake wa miaka 15 hadi 49 kuwa ndio wenye umri wa kuzaa. Mtengenezaji wa fishi huchukua hesabu hiyo, akaweka sharti lake hapo. Kwa mama yetu mzee sharti hilo lingefaa sana. Lakini yuko binti wa miaka 13 ambaye ametendwa vibaya, naye ana mimba, wala hajamwambia mtu. Vita vya nchi yetu vimetuonyesha mabinti wa namna hiyo. Fishi humruka, muuguzi naye humruka, na dawa isiyomfaa mwenye mimba yaweza kuwekwa mkononi mwake. Basi mpaka wa umri usifungwe kwa haraka. Heri kuuliza kwa siri na kwa upole watoto wachache zaidi kuliko kumwacha mmoja.

SHARTI LA JANA LAWEZA KUWA KOSA LA LEO

Chanjo ya Ebola ilipoanza kutolewa kwetu mwezi wa Agosti 2018, ilikuwa bado haijaidhinishwa, ikatolewa kwa taratibu za utafiti, na kila mtu aliombwa ridhaa yake. Mwanzoni wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha hawakupewa, kwa sababu usalama wake kwao ulikuwa haujajulikana vya kutosha. Kwa hiyo swali la mimba lilikuwa mlango mzito. Aliyejibu "ndiyo" aliambiwa, "Pole mama, wewe bado." Lakini ilijulikana pia kwamba mwenye mimba akishikwa na Ebola, karibu kila mara mtoto wa tumboni hupotea, na mara nyingi mama pia hufa. Waganga na wenye kulinda haki za wagonjwa walibishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu, na katika mwaka 2019 wanawake hao wakaruhusiwa kuchanjwa.

Hapo pana fundisho. Sharti lililo katika fishi ni amri iliyofichwa. Likikaa katika karatasi, watu huliona na waweza kuuliza. Likikaa ndani ya tableti, halionekani. Kanuni ikibadilika Kinshasa au Geneva, na mtu akasahau kubadili sharti katika tableti moja iliyoko Butembo, tableti ile itaendelea kumfukuza mama mwenye mimba kila siku, wala muuguzi hatajua kwa nini. Kwa hiyo kila fishi ya kompyuta iwe na karatasi yake kando, iliyoandika kwa lugha nyepesi: swali hili huonekana kwa nani, huruka kwa nani, kwa sababu gani, na tangu tarehe gani. Na kila kanuni mpya ifikapo, mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye wa kutazama masharti yote upya.

HILA YA NENO "HAPANA"

Sasa niseme neno ambalo wengi hawapendi lisemwe.

Kijana mmoja wa kazi hii aliniambia kwa siri, "Nikiandika 'ndiyo' kwenye mazishi, maswali manane hufunguka. Nikiandika 'hapana,' napita. Jioni ikifika, nimechoka, naandika 'hapana.'" Sikumpiga kelele, maana alisema kweli, na wengi hufanya hivyo kimya. Wanaoulizwa nao hujifunza hila hiyo. Mtu akiisha kuona kwamba jibu la "ndiyo" juu ya safari limemletea maswali matano, atajibu "hapana" juu ya mazishi ili aende zake shambani.

Waona basi kwamba fishi inayoruka huzaa kishawishi chake. Dawa yake iko. Usifungue chumba mara tu mlango unapojibiwa. Uliza kwanza maswali yote ya mlango, moja baada ya jingine: mazishi, safari, kituo cha afya, mganga, mnyama. Yakiisha kujibiwa yote, ndipo urudi kufungua vyumba vya yale yaliyojibiwa "ndiyo." Mtu atakuwa amekwisha kusema kweli kabla hajajua gharama yake. Tena msimamizi atazame fishi za jioni. Kama waandishi wawili wametembea mtaa mmoja, na mmoja ana "hapana" nyingi mno kuliko mwenzake, amwite kando na kumwuliza kwa upole. Pengine amechoka tu, apumzike kesho.

NAFASI TUPU ISEME KITU

Neno la mwisho la ufundi ni hili. Nafasi tupu ina maana nyingi. Yaweza kuwa swali halikumhusu mtu. Yaweza kuwa lilimhusu, lakini mwandishi alisahau. Yaweza kuwa aliulizwa, akasema hajui. Yaweza kuwa alikataa kujibu, nayo ni haki yake. Mambo haya manne yakiandikwa sawasawa, yaani kwa kuacha tupu tu, hakuna atakayeyatenganisha baadaye. Na yakijazwa kwa 0 au "hapana," ni vibaya zaidi.

Kwa hiyo fishi iwe na alama zake: "haimhusu," "hajui," "amekataa." Yale yaliyorukwa kwa sharti, kanzidata iyaweke yenyewe kuwa "haimhusu." Hapo nafasi iliyobaki tupu itakuwa na maana moja tu: imesahauliwa, mtu arudi kuuliza.

Tazama pia kusahihisha. Mwandishi amegusa "mwanamke" kwa kosa, akajibu maswali mawili ya mimba, kisha akagundua kwamba mgonjwa ni baba, akabadili. Majibu yale mawili yamekwenda wapi? Programu nyingine huyafuta swali linapofichwa. Nyingine huyaficha tu machoni, nayo hubaki ndani ya daftari, na baba wa watu huonekana katika hesabu kama mwenye mimba. Jaribu fishi yako kabla ya kuitumia: ingiza mtu wa uongo, badili majibu yake, kisha fungua daftari uone kilichobaki. Mjaribu mwanaume, mwanamke, mtoto mchanga, mzee asiyejua mwaka aliozaliwa. Kama fishi haiwezi kumpokea mzee huyo, iongezewe nafasi ya kukadiria umri.

BASI TUFANYE NINI?

Pengine wasema, "Mimi si mtu wa kompyuta. Mimi ni mgonjwa, au mshiriki wa kanisa tu. Maneno haya yanihusu nini?" Yakuhusu sana.

Wewe unayeulizwa: jibu maswali ya mlango kwa kweli, hata kama yatakuletea maswali mengine. Jibu lako la mazishi laweza kuokoa nyumba nzima ya jirani yako. Kama swali halikuhusu, usikasirike na kuondoka. Sema kwa utulivu, "Hili halinihusu, andika hivyo, tuendelee." Kama swali ni la siri, una ruhusa kusema, "Twende kando," au, "Niitie mama anayeuguza." Na kama wafikiri kuna jambo la maana ambalo hukuulizwa, liseme. Fishi haijui kila kitu. Wewe ndiwe uliyekuwako.

Wewe uliyechaguliwa na mtaa au na kanisa kusaidia kazi ya afya: kabla hujauliza, tazama uso wa mtu aliye mbele yako. Mpe heshima yake, mwite mama au baba. Soma swali moyoni kwanza. Maswali ya wanawake yaulizwe na mwanamke, mbali na masikio ya watu. Usijaze nafasi kwa ajili ya kumpendeza mkubwa. Ukiisha, msomee mtu majibu yake, akusahihishe.

Wewe unayetengeneza fishi, hata kama ni ya madarasa ya watoto au ya kugawa chakula kwa waliokimbia vita: kabla ya kuandika swali jiulize, jibu hili litamsaidia nani, na litabadili tendo gani? Kama hujui, lifute. Kisha chukua fishi yako, ukae nayo barazani pamoja na bibi mmoja, baba mmoja na msichana mmoja, uwaulize wao kwanza. Dakika 30 hizo zitakufundisha kuliko wiki nzima ya mezani.

Na ninyi wakubwa wa hospitali na wa mashirika: msiseme tena, "Nafasi isiwe tupu." Semeni, "Nafasi iwe ya kweli." Maneno hayo ni mepesi, lakini yatageuza kazi ya vijana wenu.

Narudi kwa yule mama mzee. Siku tuliporudi kwake, yule kijana aliwekea karatasi zake chini, akamwuliza swali moja tu, kwa Kiswahili chepesi: "Mama, ni akina nani waliomtunza marehemu siku zake za mwisho, na baada ya kufa?" Mama akahesabu kwa vidole, polepole, majina sita, na nyumba ya kila mmoja. Wale sita wote walipatikana, wakafuatwa kwa siku 21 kama ilivyopasa. Tulipokuwa tukiaga, mama alinishika mkono, akaniambia:

"Si ndilo neno mlilolitaka? Mngeanza hapo."